UDONGO WA BONDE NI UDONGO WA KULETWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu, Kariakoo, Dar es Salaam



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za fedha, maghala na magari. Mimi nimeombwa niseme habari za udongo, nao ndio ghala la kwanza la mkulima. Nitasema hasa juu ya udongo tifutifu wa mabonde ya mito, kwa kuwa wengi wenu mwalima huko: wengine Ruvu, wengine Rufiji, na wengine hapa hapa mjini katika bonde la Msimbazi.

Naomba nianze na swali nililoulizwa nisiweze kulijibu. Asubuhi moja nilikuwa nikipita katika Mtaa wa Mkunguni, karibu na soko, mama mmoja muuza mboga akaniita. Mkononi alikuwa na fungu la mchicha uliositawi sana. Akaniuliza, "Bwana Shamba, mchicha huu ni wa mto gani?" Nikamjibu kwamba ni mchicha mzuri, nao umeota katika udongo mzuri. Akasema, "Sikukuuliza uzuri wake, baba. Wateja wangu wanauliza mto." Nilimuaga nikaenda zangu, lakini swali lile halikuniacha. Leo nataka tulijibu pamoja.

Kutoka Kariakoo hadi Jangwani

Mtu atokaye sokoni Kariakoo, akaifuata Barabara ya Morogoro akateremka mpaka Jangwani, hana haja ya kitabu ili ajue kwamba udongo hubadilika. Juu, mitaani, chini ya lami na saruji, ni mchanga wa pwani, mwepesi, usioshika maji. Chini bondeni ni udongo wa rangi nyeusi au ya kijivu, mzito zaidi, wenye unyevu hata siku za jua kali. Mwendo wenyewe wa miguu hautimizi nusu saa.

Mabadiliko ya namna hii ndiyo aliyoyachunguza Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, zamani za utawala wa Waingereza. Yeye ndiye aliyesimamia ramani ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1936. Aliona kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni hufuatana kama pete za mnyororo, akauita mfuatano huo kwa neno la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Neno hilo latumika duniani kote mpaka leo. Lakini ndugu zetu Wasukuma walikuwa na majina yao wenyewe: luseni kwa mchanga wa juu, itogolo kwa udongo wa kijivu wa chini ya mteremko, na mbuga kwa udongo mweusi mzito wa bondeni. Mtaalamu aliupa mnyororo ule jina moja. Mkulima alikwisha kuzijua pete zake.

Jinsi mto unavyopanga udongo

Udongo wa mlimani hutokana na mwamba ulio chini yake. Udongo wa bonde la mto haukuzaliwa pale ulipo, umeletwa. Kila mto unapofurika hubeba vitu vya namna tatu. Kuna mchanga, ambao chembe zake huanzia milimita 2 mpaka milimita 0.05. Kuna tope laini, ambalo chembe zake ni ndogo kuliko hizo, mpaka milimita 0.002. Kisha kuna mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko zote.

Maji yanapokuwa ndani ya mto huenda kwa nguvu, na yaweza kubeba vyote vitatu. Yakisha kupanda juu ya kingo na kutawanyika bondeni, nguvu hupungua. Mchanga, ulio mzito, hutua kwanza, karibu na ukingo. Tope laini hutua mbele kidogo. Mfinyanzi huelea mpaka mahali pa chini ambapo maji husimama, na huko hutua polepole na kufanya kinamasi. Kwa sababu hiyo aghalabu bonde lina mikanda mitatu: mkanda wa kichanga ukingoni, mkanda wa mfinyanzi katika madimbwi ya mbali, na kati yao mkanda uliochanganyika vizuri. Huo wa kati ndio tuuitao tifutifu.

Katika mpango unaotumiwa Marekani na nchi nyingine nyingi, udongo huitwa tifutifu halisi ukiwa na mchanga usiozidi asilimia 52, tope laini kati ya asilimia 28 na 50, na mfinyanzi kati ya asilimia 7 na 27. Mchanga huupa hewa na kupitisha maji yaliyozidi. Tope laini hutunza unyevu ambao mizizi yaweza kuunywa. Mfinyanzi, pamoja na mboji, hushika chakula cha mmea kisichukuliwe na mvua. Mkulima wa Rufiji anayelima mlau anazijua faida hizi vizuri. Mafuriko yakisha kupungua, hupanda katika unyevu ulioachwa, wala hangoji mvua nyingine.

Namna ya kuutambua

Yafaa kila mwanachama aweze kuutambua udongo wake kwa njia tatu, ambazo hazina gharama.

Ya kwanza ni mkono. Chukua udongo kiganjani, uloweshe, uukande, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe. Kichanga hakifanyi utepe. Tifutifu hufanya utepe mfupi unaokatika kabla ya kufikia sentimita mbili na nusu. Mfinyanzi hutoa utepe unaopita sentimita tano bila kukatika.

Ya pili ni chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa nyeupe, ongeza maji na chembe za sabuni, tikisa sana, kisha uiweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua katika muda wa dakika moja hivi. Tope laini huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Pima tabaka hizo kwa rula, nawe utajua kiasi cha kila kimoja.

Ya tatu ni shimo. Chimba mpaka kimo cha kiuno, utazame ukuta wake. Udongo wa bonde huonyesha tabaka juu ya tabaka: mchanga, kisha tope, kisha labda ukanda mweusi wenye mboji, ambao ulikuwa uso wa shamba kabla ya mafuriko fulani kuufunika. Ukikuta rangi ya kijivu au ya samawati yenye madoa kama kutu, jua kwamba maji husimama hapo sehemu ya mwaka. Usipande papai mahali hapo ukalaumu mbegu.

Tabaka hizi ndizo zilizowapa wataalamu njia ya kuutenga udongo huu na mwingine. Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Unesco, katika orodha yao ya mwaka 1974, waliuita Fluvisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mto. Wamarekani huuita Fluventi, wakiuweka katika ukoo wa udongo mchanga wa umri, usiopata muda wa kukomaa kwa sababu kila mafuriko huanza kazi upya. Jambo wanalolitafuta wote ni lile lile uliloliona shimoni: tabaka, na mboji isiyopungua kwa taratibu kadiri unavyochimba, bali hupungua, ikazidi, kisha ikapungua tena.

Wema wake na hatari yake

Ndugu wanachama, mpaka hapa nimeusifu udongo huu. Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu inayofuata haipendezi.

Udongo tifutifu una maradhi yake ya kawaida. Wenye tope laini nyingi hufanya ganda gumu juu baada ya mvua, na mbegu ndogo hushindwa kulitoboa. Ukilimwa ukiwa umelowa mno hushindiliwa, na kosa la siku moja laweza kudhuru msimu mzima. Karibu na bahari huingiwa na chumvi. Haya yote yana dawa: matandazo, mboji, subira na mifereji.

Lakini kuna jambo jingine. Udongo wa kuletwa huwa vile alivyo mletaji wake. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, hufika Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji machafu ya nyumba, ya karakana na ya viwanda. Wataalamu waliopima maji, udongo na mboga za bonde hilo kwa nyakati mbalimbali wamekuta humo madini mazito, kama vile risasi na kromiamu. Madini haya hayaozi kama takataka za jikoni, wala hayaondoki kwa mvua. Mfinyanzi na mboji huyashika. Mkono ule ule unaomshikia mkulima chakula cha mmea ndio unaomshikia na sumu. Haba na haba hujaza kibaba: methali hiyo hujenga ushirika, na methali hiyo hiyo huharibu shamba.

Sasa mwajua kwa nini sikuweza kumjibu yule mama. Mkono hauwezi kuitambua risasi. Chupa haiwezi. Shimo haliwezi. Udongo waweza kuwa mweusi, mwororo, wenye utepe wa kupendeza, na mchicha wake ukastawi kuliko wa mwingine yeyote, na bado usifae kuliwa. Kuosha majani huondoa vumbi na tope lililogandamana nayo, nako ni kuzuri, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Nakiri mbele yenu kwamba miaka iliyopita nimewaambia baadhi ya wanachama, baada ya kuukanda udongo wao tu, kwamba mashamba yao ni mazuri. Nilisema zaidi ya nilivyojua.

Msidhani kwamba ni habari ya Msimbazi peke yake. Mwezi wa Desemba 2011 bonde hilo lilifurika, na watu wapatao 40 walipoteza maisha katika mji huu. Tangu mwaka 2022 Serikali ina mradi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kuliendeleza bonde, na wengi waliokaa sehemu ya chini wamelipwa fidia na kuhama. Wenzetu waliolima huko watatafuta mashamba kwenye mito mingine. Nako Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa lolote lishikalo maji hushika na tope. Mkulima wa chini asihesabu tena kwamba mto utamletea mbolea bure kila mwaka kama ulivyomletea babu yake. Kila bonde lina mletaji wake, na kila mletaji hubadilika.

Mambo matatu ninayoyaomba

Bwana Mwenyekiti, sikuja kutoa amri. Naleta maombi matatu mbele ya Mkutano.

La kwanza, kila mwanachama wa bondeni achimbe shimo lake kabla ya msimu ujao, aandike mikanda na tabaka za shamba lake katika daftari la chama chake cha msingi.

La pili, Chama Kikuu kitenge fungu la fedha la kupima udongo na maji ya kumwagilia. Mtu mmoja hawezi gharama hiyo. Sote pamoja twaiweza. Maabara za udongo zipo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na ya kituo cha Mlingano, Tanga. Sampuli zichukuliwe kwa utaratibu: mahali 15 hadi 20 katika kila mkanda, kina cha sentimita 20, zichanganywe, kisha lichukuliwe fungu la nusu kilo. Mkanda mmoja usichanganywe na mwingine, maana jibu la mchanganyiko si jibu la shamba lolote. Nayo maabara iambiwe waziwazi kwamba twataka kupimiwa madini mazito pia, si mbolea peke yake.

La tatu, na hili ni zito. Vipimo vitakaporudi, wako kati yetu watakaoambiwa wasipande tena mboga za majani. Mwenzetu huyo hakuleta sumu, mto ulimletea. Tusimwache peke yake. Apewe mkopo wa miche ya miti au maua, au apatiwe sehemu katika shamba lililopimwa. Tukimwacha bila riziki, atauza mchicha wake usiku, na ubaya wake utatuangukia sote mchana.

Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, lililochorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Jengo lililoungua laweza kujengwa upya. Imani ya mnunuzi ikiungua, sijui fundi wa kuijenga.

Natumaini kwamba tutakapokutana tena, kila tenga litokalo kwetu litakuwa na karatasi yenye jina la mto na namba ya mkanda, nami nitapita Mtaa wa Mkunguni bila kujificha kwa yule mama. Akiniuliza mto, nitamjibu.