Biringanya Nyuma ya Nyumba

Leo tunazungumza kuhusu biringanya: jinsi ya kulipanda nyumbani, na jinsi ya kumpa mtoto bila kumdhuru.

Mama, usiseme huna shamba. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, hata baada ya kujenga nyumba, hakukosi mahali pa mibiringanya minne au mitano. Hiyo yatosha jamii ndogo, kwa maana mti mmoja huzaa kwa miezi kadhaa. Kama unakaa nyumba ya kupanga, tumia gunia au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Mbegu hupandwa kwanza kwenye kitalu. Baada ya wiki 4 hadi 6, hamisha miche mvua inapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, au mwezi wa Oktoba. Changanya udongo wa shimo na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, na sentimita 90 kati ya mistari. Usipande mahali palipotoka nyanya, viazi au pilipili hoho. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na biringanya, na huachiana ugonjwa wa kunyauka udongoni. Mvua ikikatika, mwagilia shinani kwa maji uliyooshea mboga. Maji ya mtaro wa choo usiyatumie kabisa.

Baada ya miezi miwili na nusu hivi utaanza kuchuma. Chuma biringanya likiwa bado linang'aa. Likififia na mbegu kuwa za kahawia, huwa limekomaa kupita kiasi na lina uchungu.

Sasa mama, hapa sikiliza kwa makini. Chini ya majani utaona utitiri mwekundu, na pengine vidukari. Usikimbilie dawa. Wapige kwa maji, ama unyunyizie maji yenye sabuni kidogo, na uyakate majani yaliyoharibika sana.

Ukilazimika kununua dawa, soma kibandiko au umwombe muuzaji akusomee. Kimeandikwa siku ngapi lazima zipite kabla ya kuvuna. Mahindi huvunwa mara moja, lakini mbiringanya mmoja huwa na maua, matunda machanga na matunda tayari kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ni rahisi kunyunyiza leo na kuchuma kesho. Kwa hiyo, kabla ya kunyunyiza, chuma yote yaliyo tayari. Kisha andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, ili hata yaya ajue siku ya kuchuma. Kuosha pekee hakutoshi, kwa sababu dawa nyingine huingia ndani ya mmea.

Usiweke dawa kwenye chupa ya soda, wala usitumie chombo chake kubebea maziwa au maji. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe chombo hicho ili daktari ajue ni dawa gani.

Tuje jikoni. Huenda umesikia kwamba biringanya huongeza damu kwa sababu ya rangi yake. Si kweli. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za biringanya ni maji. Gramu 100 zina protini gramu 1 tu, na madini ya chuma ni kidogo mno. Faida yake ni nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na kwamba huongeza mchuzi kwa gharama ndogo. Mtoto akila ugali na biringanya pekee atashiba, lakini hatajengwa mwili.

Basi lipike pamoja na maharagwe, ndengu, omena au mayai, na kando uweke terere au managu. Biringanya hunywa mafuta sana. Badala ya kulikaanga, likatekate, litie kwenye nyanya na kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, funika sufuria, liive polepole.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama pekee. Akifikisha miezi 6, menya biringanya, lipike hadi lilainike, kisha uliponde pamoja na ndengu au maharagwe. Usimpe chai wakati wa chakula, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Kwa ufupi, mama: panda michache, hesabu siku za dawa, na usilipike biringanya peke yake.