Oili na Umeme Katika Usukani Mmoja



Mwaka 1926 mhandisi Mmarekani Francis Davis alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na msukumo wa oili. Robo karne ilipita kabla ya Chrysler kuuza mfumo wa aina hiyo katika gari la abiria, mwaka 1951. Pampu ilizungushwa na injini kwa mkanda, na hapo ndipo palipokuwa na hasara. Dereva huhitaji msaada mkubwa zaidi anapoegesha, injini ikizunguka polepole. Pampu basi hutengenezwa kubwa kiasi cha kutosheleza mzunguko huo mdogo. Akishika barabara kuu, injini inazunguka mara kadhaa zaidi, usukani haugeuzwi sana, lakini pampu inaendelea kusukuma. Oili ya ziada hurudishwa na vali, nguvu yake ikaishia kuwa joto, na joto hilo limelipiwa kituo cha petroli.

Mfumo ninaouzungumzia, usukani wa oili unaosukumwa kwa umeme, uliondoa mkanda. Oili, vali na reki vilibaki, ila pampu ikapewa mota yake ya umeme na kompyuta inayopima kasi ya gari na jinsi usukani unavyozungushwa. Gari likienda moja kwa moja, mota hupunguza mwendo. Mazda 3 ya kizazi cha kwanza, ambayo barabarani kwetu tunaiita Axela, ina mfumo huu.

Mwaka 2010 Mazda waliita magari zaidi ya 200,000 nchini Marekani, Mazda 3 na Mazda 5, ili yarekebishwe. Kutu ilikuwa ikibanduka ndani ya bomba la shinikizo na kuingia kwenye oili. Mota ililemewa, ikapata joto, na kompyuta ikaizima ili kuilinda. Usukani ukawa mzito ghafla. Tazameni vizuri: ugonjwa ulikuwa wa bomba, dalili ikawa ya umeme. Fundi umeme angebadilisha mota, na mota mpya ingezimwa na kutu ileile.

Kinyume chake pia hutokea. Mota ya wati 900 kwenye volti 12 huvuta ampea 75. Kiungo cha ethi chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, hula volti moja na nusu. Mwenye gari huambiwa pampu imekufa, akauziwa nyingine, kumbe kilichotakiwa ni msasa na spana. Jambo hili linaniuma, kwa sababu fedha hiyo mara nyingi ni ada ya mtoto.

Dereva naye ajue kwamba msaada ukikatika, usukani haujakatika. Mhimili wa chuma bado unashika magurudumu. Ashike kwa mikono miwili, apunguze mwendo, atoke barabarani.

Vyuo vyetu vya ufundi bado vinamfundisha makanika upande huu na fundi umeme wa magari upande ule. Naviomba vianze na somo moja la pamoja: mwanafunzi apime shinikizo la oili na upotevu wa volti kwenye gari lilelile, siku ileile, kabla hajaruhusiwa kutamka kwamba pampu imekufa.