Mvua, Maji na Homa: Takwimu za Mazingira katika Kulinda Afya ya Watu wa Wasini

Utangulizi

Kisiwa cha Wasini ni mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilomita 5 hivi, ng'ambo ya Shimoni katika Kaunti ya Kwale. Hakina mto wala ziwa. Wavumba wameishi hapa kizazi baada ya kizazi wakikinga maji ya mvua na kuyahifadhi katika mabirika, matangi na mapipa. Kwa miaka mingi, mvua ikikatika, maji yamekuwa yakivushwa kwa mashua kutoka bara. Anayeugua sana naye huvushwa, kisha hushika barabara hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni.

Kwa mwananchi wa Wasini, basi, mvua, maji na maradhi ni habari moja. Serikalini habari hiyo imegawanywa mafungu matatu: mvua iko kwa Idara ya Hali ya Hewa, maji kwa ofisi ya maji, homa kwa watu wa afya. Mada hii inatetea jambo moja: mafungu hayo yakutanishwe, na yakutanishwe katika ngazi ya kijiji.

Somo la Lamu

Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya uliikumba Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Makadirio yalifika wagonjwa 13,500. Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa Mombasa, na mwaka 2005 ukawa umefika Komoro na Réunion.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba mlipuko huo ulitanguliwa na ukame. Watafiti walieleza kuwa maji yalipoadimika, watu waliyaweka majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza ugonjwa huo, akapata mahali pa kutagia. Mbu huyu huuma mchana na hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo.

Ukame huohuo ukishuka Wasini utakuta mapipa yaleyale. Mfumo unaosubiri mvua kubwa ndipo utoe tahadhari utakuwa umelala wakati hatari inaingia mlangoni. Katika kisiwa kinachotegemea maji ya kuhifadhi, siku zilizopita bila mvua ni takwimu ya afya sawa na idadi ya wagonjwa.

Kwale si ngeni kwa takwimu

Msambweni imechunguzwa kwa miongo mingi kwa sababu ya kichocho. Katika kijiji cha Milalani, watafiti wa Kenya na Marekani waliweka kwenye ramani nyumba za watu na madimbwi, wakitumia picha za setilaiti, kisha wakalinganisha na vipimo vya mkojo wa watoto na konokono waliookotwa majini. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2004 yalionyesha maambukizi makali yakijikusanya karibu na dimbwi lenye konokono walioambukizwa. Ramani ya namna hiyo humwambia daktari wapi pa kupeleka dawa kwanza, na humwambia mhandisi wapi pa kuchimba kisima.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Kenya walifuatilia homa za watoto Ukunda na Msambweni, huku wakipima joto na mvua na kuhesabu mbu majumbani. Waliona kwamba vyombo visivyo na kazi, kama matairi yaliyotupwa uani, huzalisha sehemu kubwa ya mbu wa Aedes.

Joto nalo lina hesabu yake. Tafiti zinaonyesha kwamba malaria huenea vizuri zaidi kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, lakini virusi vya homa ya dengi vinavyobebwa na Aedes hustawi karibu na nyuzi 29. Pwani inavyozidi kupata joto, neti ya kitandani pekee haitatosha.

Mfumo uliopo na upungufu wake

Tangu 2011 Kenya hukusanya ripoti za vituo vya afya katika programu ya DHIS2, iliyoanzishwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Oslo. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kila kaya. DHIS2 sasa inaweza kupokea pia takwimu za mvua na joto. Njia ipo.

Tatizo ni kipimo. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazoanzia 1981, huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita 5 hivi. Mraba mmoja au miwili huimeza Wasini nzima na kuichanganya na Shimoni na bahari. Ripoti ya mwezi ya vituo vya afya nayo hufika wakati mbu wamekwisha kuzaliana zaidi ya mara moja.

Mapendekezo

Kwanza, pawe na kipimamvua katika vijiji vya kisiwani vya Wasini na Mkwiro, kisomwe kila asubuhi, pengine na wanafunzi wakisimamiwa na mwalimu.

Pili, mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea kaya aandike mambo matatu: maji yaliyobaki ni ya siku ngapi, chombo kina mfuniko au hakina, na kama kuna viluwiluwi.

Tatu, wahudumu wa zahanati wahesabu kila wiki wagonjwa wa homa ambao kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria. Idadi hiyo ikipanda wakati wa kiangazi, sampuli za damu zipelekwe maabara kuchunguzwa dengi na chikungunya bila kusubiri ripoti ya mwezi.

Nne, taarifa za kaya zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na matokeo yarudishwe barazani ili wenye kisiwa wayaone na kuyajadili.

Ukiacha vipimamvua, hakuna pendekezo hapa linalohitaji mtambo mpya. Idara ya afya ya Kwale, ofisi ya maji na Idara ya Hali ya Hewa zinaombwa zikae meza moja kabla ya kiangazi kijacho, na wazee wa Wasini na Mkwiro wawepo.