Mtoto wa Lugha Mbili na Mafungu ya Vitu

Mtoto aliyetimiza miaka 4, ukimtaka akutajie vyakula vyote avijuavyo, huenda akasita. Lakini mwulize alacho asubuhi, naye atakumiminia chai, mahamri, mbaazi na mihogo, kwa kuwa akilini mwake vitu hukusanyika kwanza kwa wakati na mahali vitumikapo, na jamii pana ya vyakula huja baadaye.

Ama kwa mtoto wa lugha mbili, mwaka 2002 mtafiti Elizabeth Peña na wenzake, waliowachungua huko Marekani watoto wadogo wasemao Kihispania na Kiingereza, walibainisha kwamba kila lugha ilitoa majina ya vitu ambayo lugha ya pili haikuyatoa. Basi mwalimu wa chekechea ampimaye mtoto huyo kwa lugha moja tu huona sehemu tu ya hazina, akamdhania mzito wa fahamu. Na hiyo, kwa rai yetu, ni dhuluma iliyo wazi.

Mzazi wa Kwale asemaye Kidigo na mwanawe asiiache lugha hiyo kabisa: na amwulize kwa Kidigo vyakula vya Idi, kisha kwa Kiswahili, ayajumlishe majibu yote, na chakula kilichotajwa kwa lugha zote mbili akihesabu mara moja.