Kifaa cha Muziki Anachokimudu Asiyeona

(Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu huduma kwa watu wenye ulemavu)



Muziki ni burudani ya masikio, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa asiyeona hapungukiwi na chochote katika kuusikiliza. Upungufu hutokea kabla wimbo haujaanza. Huduma za muziki za intaneti, kama Boomplay na Spotify, hutumiwa zaidi kwenye kioo laini kisicho na kitu cha kupapasa. Asiyeona hulazimika kumwita mtoto amchagulie wimbo. Mtoto akienda shule, muziki nao umekwisha. Ada ya mwezi imelipwa, lakini aliyeilipa hana uhuru wa kuitumia.

Hili si suala la anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika Ibara ya 30 haki ya kushiriki maisha ya utamaduni kwa usawa na wengine.

Familia nyingi, kwa nia njema, hununua redio ndogo ya flashi na memori kadi. Vitufe vyake hupapasika na bei yake ni nafuu, lakini haifungui huduma hizo. Wala nyimbo zilizopakuliwa ndani ya Spotify haziwezi kuhamishiwa kwenye kadi ya redio, kwa kuwa zimefungwa zisomwe na programu hiyo peke yake.

Vipo vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa wasioona. Victor Reader Stream ya kampuni ya HumanWare ya Kanada, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ina vitufe vya kupapasa na hutamka kinachobonyezwa. Hucheza vitabu vya sauti na muziki uliohifadhiwa, na matoleo ya baadaye hupokea redio za intaneti. Hata hivyo, Spotify haifunguki humo. iPod shuffle ilianza kutamka majina ya nyimbo mwaka 2009, lakini Apple iliacha kuiuza mwaka 2017. Anayeuziwa iliyotumika afahamu kuwa haiunganishwi na intaneti.

Njia iliyo karibu zaidi ni simujanja ndogo, hata iliyokwisha kutumika, itengwe iwe ya muziki. Simu nyingi za Android zina TalkBack, na iPhone ina VoiceOver. Zote husoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, bila malipo ya ziada. Mtumiaji hutelezesha kidole kutoka jambo moja hadi jingine, husikia jina lake, kisha hugusa mara mbili kulifungua.

Kabla fedha haijatolewa, mwenye kukitumia kifaa na akishike mwenyewe dukani. Kwanza, aiwashe TalkBack bila msaada. Katika simu nyingi hubonyezwa vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde 3, baada ya njia hiyo kuruhusiwa kwenye mipangilio. Pili, asikilize kama sauti inasoma Kiswahili kwa namna inayoeleweka. Tatu, atafute wimbo, aucheze na ausimamishe. Simu ikitamka “kitufe” tu bila kusema ni cha nini, programu hiyo itamsumbua. Nne, achague spika au visikizi vyenye vitufe vilivyoinuka, ili asirudi kwenye kioo kila mara.

Ikiwa usajili wake unaruhusu kupakua, nyimbo zipakuliwe penye Wi-Fi ili zisimalize bando. Nywila iwe yake, naye aijue. Akiwa njiani, aache sikio moja wazi, kwani masikio hayo ndiyo yanayomjulisha pikipiki inapokaribia.

Mwenye kuhitaji mwongozo amwone Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii anayehudumia kata. Nao wanaoona wanaombwa jambo moja: wamfundishe ndugu yao hatua hizo kwa subira, kisha waiache simu mikononi mwake. Kumchagulia wimbo kila siku ni wema. Kumwezesha kuuchagua mwenyewe ni kumheshimu.