Kichaka Nacho ni Msitu: Mimea ya Udongo wa Mchanga Kitui na Makueni, na Hesabu Yetu ya Miche

Mwenyekiti, maafisa wa kaunti zote mbili, wafugaji nyuki na wakulima wa mukau: nimeombwa nizungumzie jamii za mimea kwenye udongo wetu wa mchanga. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa taasisi iliyonituma.

Maana ya maneno

Jamii ya mimea ni miti, vichaka na nyasi zilizozoeana mahali pamoja kwa sababu ya udongo, mvua, moto na mifugo. Hilo mnalijua. Kwa mfano, huko New Jersey, Marekani, misonobari na mialoni huchanganyika kwenye mchanga usio na rutuba, na moto ukipita huchipua upya kutoka shinani. Kwetu jamii ni nyingine: misonobari yetu ni ya kupandwa, huko juu kwenye vilima vyenye ubaridi kama Mbooni. Huku chini, Kibwezi, Mutomo hadi Mwingi, wenyeji ni migunga na miti ya jenasi ya Commiphora, na katikati yao mukau (Melia volkensii), muuku (Terminalia brownii), mkwaju na mbuyu.

Ufafanuzi mmoja naomba mkae nao. Kenya huita msitu eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufika mita 2 na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya tunachokiita kichaka ni msitu tayari.

Udongo

Nitapita haraka. Mchanga wetu mwekundu hauna naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Ukiachwa wazi, matone ya mvua huupigapiga hadi juu ukafanya utando mgumu, na maji yakakimbilia mtoni. Chini ya mgunga mambo ni tofauti: majani huanguka, mizizi hushirikiana na bakteria kuleta naitrojeni, nyasi huota na utando hupasuka.

Tatizo

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Tangu Desemba 2022 taifa lina lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Sina ugomvi na lengo hilo. Ugomvi wangu ni jinsi linavyotekelezwa huku kwetu: tunafyeka kichaka ili tupate mahali pa kupanda miche.

Nimeliona katika kiwanja kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Trekta iling'oa migunga na visiki vya muuku, mashimo yakapigwa kwa mistari iliyonyooka, wageni wakapanda miche ya mukima (Grevillea robusta) mwezi wa Aprili, picha zikapigwa. Septemba palibaki vijiti, karatasi nyeusi za kitalu zinazopeperuka, na ubao wenye majina ya wafadhili. Katika ripoti ya upandaji huo miche bado imeandikwa kuwa miti. Nilipouliza, niliambiwa fomu ya ripoti haina safu ya iliyokufa.

Hata huo mwezi wa Aprili haukuifaa miche. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi mara nyingi hutudanganya.

Na kitalu si rahisi kama kinavyosemwa. Chukua mukau, mti wetu wenyewe, ambao kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) huko Kitui kimeufanyia kazi kubwa pamoja na Wajapani, hadi kuwa na mashamba ya mbegu bora Tiva na Kasigau. Kokwa lake hupasuliwa kwa kisu na nyundo bila kuumiza mbegu iliyomo, ncha ya mbegu hukatwa, ikalowekwa usiku kucha, kisha ganda huchanjwa kwa wembe ndipo ipandwe mchangani. Ni kazi ya mikono mingi, na inafaa mahali pasipobaki mti. Lakini kufyeka mukau uliojiotea ili kupanda mukau wa kitalu, hilo sijapata wa kunieleza.

Kisiki cha muuku kilichokatwa kwa makaa hakijafa. Mvua ikinyesha hutoa machipukizi mengi, na mizizi tayari iko chini kwenye maji. Yaachwe mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yapogolewe, mbuzi wazuiwe. Niger wamefanya hivyo tangu miaka ya 1980 na kurudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5. Kwetu, Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa Januari 2018. Malori ya makaa yalizuiwa, trekta zinazofyeka kichaka hazikuguswa.

Mapendekezo

Kichaka chochote kinachofikia kipimo cha msitu kisifyekwe kwa jina la upandaji miti. Afisa wa wadi akipime kwanza, aandike kilichomo.

Fomu iongezwe safu ya miche iliyokufa. Hesabu ifanywe mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kikali, na fedha za awamu ya pili zifuate hesabu hiyo.

Machipukizi yaliyotunzwa yahesabiwe kama miti iliyopandwa. Bila hili chifu hana sababu ya kuyalinda, kwa kuwa anaulizwa idadi ya miche.

Upandaji ufanywe Novemba, pasipo na kitu. Penye kitu, tutunze kitu hicho.

Sehemu ya fedha za vitalu ilipe vijana wa kupogoa na kufunga matawi ya miiba kuzunguka visiki.

Mukau usipandwe peke yake shamba zima. Uachiwe migunga yake na nyasi zake. Wafugaji nyuki mlioko hapa mnajua mzinga hautegemei ua la mti mmoja.

Kichaka kisifyekwe. Nimeshalisema, na nitaomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwisho, mkataba wa trekta uliotangazwa kwa msimu ujao usimamishwe hadi viwanja vyote vilivyotajwa humo vipimwe. Orodha ya viwanja hivyo iko kwa katibu wa kikao. Naomba ipitiwe leo kabla hatujaondoka.