Mama ya Kanada

    

Kamati ya jumuiya yetu imeniomba niseme juu ya familia zinazokutana tena baada ya miaka mingi. Mnajua sababu. Mwaka huu hapa Winnipeg tumewaona akina mama watatu na baba mmoja wakifikiwa na watoto wao, na wote wanne wamekuja kwangu kwa nyakati tofauti wakilia. Walilia baada ya watoto kufika, si kabla. Kwa hiyo nitasema ya kwangu, maana ndiyo ninayoyajua bila kusimuliwa na mtu.

Mimi ni mtu wa Baraka, Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza Agosti 1998 nilikuwa na binti wa miaka minne na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Wazee hapa wanaijua desturi: mtoto akipata mdogo wake hupelekwa kwa bibi akakae miezi miwili mitatu, amsahau mama yake kidogo, mama apate kulea mtoto mchanga. Ndivyo nilivyofanya. Binti yangu alikuwa mlimani kwa mama yangu mzazi. Tarehe 30 Desemba watu wakaanza kuuawa katika kijiji cha Makobola, na Mwaka Mpya wa 1999 ulipoingia mamia walikuwa wamekufa. Tulisikia kwamba njia ya mlimani imefungwa. Siku chache baadaye nikapanda boti ya mbao usiku, mtoto mchanga mgongoni, tukavuka kwenda Kigoma. Nilidhani ni wiki mbili. Ikawa miaka 12 na miezi 10.

Tulipelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyokwisha kufunguliwa tangu 1996 kwa ajili ya waliotangulia kuvuka. Miaka minne sikupata neno lolote. Mwaka 2003 nikaitwa kupokea barua ya Msalaba Mwekundu. Mliowahi kuzipata mnazijua: karatasi isiyofungwa, inayosomwa na kila mtu njiani, na hairuhusiwi kuandikwa humo isipokuwa habari za familia. Mama yangu hakujua kuandika, alimwomba mtu. Mistari mitatu tu. Tuko hai. Mtoto anakula vizuri. Meno ya mbele yameshaota tena. Huo mstari wa tatu niliusoma nikakaa chini kwenye vumbi, kwa sababu nilipomwacha yale ya kwanza yalikuwa bado hayajang'oka.

Sasa nifike kwenye jambo la karatasi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 2006 jina letu lilipotoka kwa ajili ya Kanada, majirani wa bloku yetu waliniita pembeni wakaniambia: usimtaje yule aliyebaki Kongo, faili litasimama, mtakosa wote. Walisema kwa wema. Watu wengi walisikia ushauri huo wakaufuata, na baadhi yao wamo humu ukumbini jioni hii. Mimi nilimtaja. Ilikuwa hofu tu, wala si akili nyingi: niliona kama nikinyamaza mbele ya afisa nitakuwa nimemwacha mara ya pili.

Sheria inasema hivi. Mkimbizi aliyeletwa Kanada, akiwa na mume, mke au mtoto aliyebaki nyuma, na akawa amemtaja kabla ya kusafiri, anao mwaka mmoja tangu siku aliyotua wa kumwombea aje. Ukipita mwaka huo, njia hiyo imefungwa. Mtoto anayehesabiwa ni yule aliye chini ya miaka 22 na hana mume wala mke. Na yule ambaye hukumtaja, kwa hiyo hakuchunguzwa wakati ule, kanuni ya 117(9)(d) humhesabu kuwa si wa familia yako ukitaka kumdhamini baadaye, hata kama ulimzaa mwenyewe na alama ya upasuaji unayo tumboni. Tangu Septemba 2019 serikali imeweka sera ya muda inayolegeza kanuni hiyo kwa wakimbizi na baadhi ya wengine. Lakini ni sera ya muda. Aliyenyamaza zamani aende kwa wakili wa uhamiaji wiki hii, asingoje.

Kuna na hili la mtoto wa dada. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Mimi ni mama yake mdogo, na dada akifa mimi ndiye mama, basi. Mtu anaposema kwa afisa "huyu ni wangu" hasemi uongo hata kidogo. Ila ofisi ya viza inaweza kuomba kipimo cha vinasaba, ule mti mwembamba wa pamba unaopitishwa ndani ya shavu, na pamba haijui mama mdogo. Marekani ilipopima familia za wakimbizi kule Nairobi mwaka 2008, nyingi hazikuthibitika, ikaisimamisha programu ile ya kuunganisha ndugu hadi Oktoba 2012. Fikirieni ni yatima wangapi waliolelewa vizuri wakahesabiwa ni udanganyifu. Kwa hiyo mwandikeni mtoto jinsi alivyo: yatima wa dada yangu, ninamlea tangu mwaka fulani. Kanada inaruhusu kumdhamini mpwa, mjukuu au mdogo wako aliyefiwa na baba na mama, ikiwa hajatimiza miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Njia hiyo ni nyembamba, lakini ipo, na inapitika kwa ukweli tu.

Faili la binti yangu lilichukua miaka mitano. Karatasi zilipotea mara moja, tukapimwa vinasaba, bibi yake akamsindikiza Uvira na kuvuka naye mpaka Bujumbura kwa ajili ya daktari, wakarudi, wakaitwa tena kwa sababu kipimo cha kwanza cha daktari muda wake ulikuwa umekwisha. Sitarefusha hapo. Kila mmoja wenu anayo ya kwake ya namna hiyo.

Binti yangu alifika Novemba 2011, miaka 17, amevaa koti la msaada lililomzidi, ameukumbatia ule mfuko wa plastiki wa shirika la uhamiaji, IOM, wenye hati zake kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia. Sikukimbia, miguu haikukubali. Alinitazama, akawatazama wadogo zake, akarudi kwangu, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima kanisani. "Jambo, mama."

Mnajua "mama" alikuwa nani kwake? Alikuwa bibi yake. Mimi alikuwa ananiita mama ya Kanada. Tangu simu zifike Baraka tulikuwa tunaongea kila Jumapili, yeye akipanda mahali penye mtandao kwa simu ya jirani, na siku zote alikuwa mchangamfu, ananihadithia shule, mihogo, mbuzi wa shangazi. Nilijua ninaye mtoto ninayemfahamu. Alipoingia nyumbani akawa kimya. Anajibu ndiyo, hapana, asante. Anaosha vyombo kabla hajaambiwa. Anakula kidogo, kama mtu aliye ugenini.

Wiki ya pili, jioni, ninapika sombe, ndugu zetu wa Tanzania mnaita kisamvu. Simu yangu ikalia. Nikaona ni namba ile niliyomnunulia yeye. Alikuwa chumbani, hatua kumi na tano kutoka jikoni. Nikapokea. "Mama, ni mimi." Na ilikuwa sauti ile ya Jumapili. Nikageuza uso kuelekea ukutani, mwiko mkononi, nikasema: nakusikia, mwanangu. Akauliza: "Siku ile ya boti, mbona ulimchukua mdogo wangu, mimi ukaniacha?"

Miaka yote nilikuwa na jibu langu, nilikwisha kulitoa mara nyingi: Mungu ndiye aliyepanga. Sombe ikaungua. Nikamwambia kweli. Nikamwambia njia ya mlimani nilisikia tu imefungwa, sikwenda kuiona kwa macho yangu. Nikamwambia kulikuwa na boti nyingine ya kesho yake, nami niliogopa kuingoja. Nilikuwa na miaka 22, nilikuwa na mtoto anayelia, niliogopa. Akanyamaza muda mrefu sana, nikadhani amekata. Kisha akasema: "Bibi aliniambia hivyo hivyo. Nilitaka kusikia kama na wewe utasema."

Tuliongea kwa simu ndani ya nyumba moja kwa karibu miezi mitatu. Jirani mmoja alinicheka. Leo nasema sikukosea. Ile ndiyo iliyokuwa njia yetu, tuliijenga Jumapili kwa Jumapili, na sikuwa na haki ya kumwambia mtoto aiache siku moja kwa sababu tu ndege imetua.

Sasa naomba niseme na jumuiya. Siku alipofika mlikuja wengi, mkaleta wali, vitenge na blanketi, na hadi leo sijasahau. Lakini kila aliyemkuta ana uso mzito alimwambia neno lile lile: ushukuru Mungu, wenzako wako kambini. Alilisikia kwa wazee, kwa akina mama wa kwaya, hata kwangu. Neno hilo ni la kweli, na bado linamfunga mtoto mdomo. Anayefika baada ya miaka kumi ana hasira. Ana haki nayo. Ana maswali kuhusu fedha mlizotuma au hamkutuma, kuhusu watoto mliozaa huku bila kumwambia, kuhusu mwanaume mwingine au mwanamke mwingine. Tukimziba kwa shukrani, atayapeleka maswali yake barabarani. Sisi wenyewe tumewazika vijana wawili katika jumuiya hii, na wazazi wao wanajua ninachokisema. Mwacheni aulize. Wewe mzazi, ukiulizwa, jibu. Na kama jibu linakuaibisha, litoe hivyo hivyo likiwa na aibu yake. Waume na wake pia. Mwanaume aliyejipikia miaka tisa si yule aliyeagwa Uvira, na mke aliyeendesha familia peke yake vitani hatakuwa tena yule wa kuomba ruhusa ya kwenda sokoni.

Tena msisahau kwamba kuja kwake huku kulimwondoa kwa mtu mwingine. Mama yangu alimlea miaka 13, akamsindikiza mpaka penye gari, akarudi mlimani peke yake. Bibi hakuwa na nafasi katika lile ombi letu. Alifariki mwaka 2014, na binti yangu alimlilia kama anavyoliliwa mama. Nilikaa naye matanga kama mfiwa mwenzake. Nilihisi wivu, naukiri mbele yenu, na nikaumeza, kwa sababu ndiye aliyeyaona meno yale yakiota.

Ninayasema haya leo kwa kuwa mambo hayajaisha. Mwaka 2025 Goma ilitekwa Januari, Bukavu Februari, na makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi, wengi wakiogelea au kupanda vitu vinavyoelea kuvuka mto Rusizi. Mwezi huo huo wa Januari Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupata tarehe za kusafiri wakabaki walipo. Kuna mtoto sasa hivi yuko upande mmoja wa mto na mama yake upande wa pili, na baadhi ya hao ni wapwa zetu na wajukuu zetu.

Kwa hiyo, jioni hii kabla ya chakula, pale kona ya kulia kuna meza mbili. Ya kwanza ni ya kutafuta ndugu waliopotea kupitia Msalaba Mwekundu. Ni bure, leteni jina kamili, jina la baba na la mama, kijiji, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Ya pili ni ya fomu za mwaka mmoja. Binti yangu ndiye aliyekaa pale, yule mwenye kitambaa cha kijani. Kama hujatimiza mwaka tangu utue Kanada na kuna mtu wako nyuma, usiende nyumbani bila kumwona. Na wale ambao mwaka wao unaisha mwezi huu, tafadhali wapisheni mbele ya foleni.